Uluguru haukutaka kulazimishwa

Mwandishi, makala yako imemfanya Laozi, mwanafalsafa wa Uchina ya kale, aonekane mtetezi wa uvivu. Wafuasi wa Dao, yaani "njia" aliyoifundisha, hawakusema tukae tu. Walisema tusishindane na mwendo wa vitu.

Sisi wa Morogoro tuna ushahidi wetu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru wa milima ya Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia yenyewe haikuwa mbaya. Lakini udongo wenye rutuba kule ni mwembamba. Ukichimba ngazi bila samadi, unaufukia na kuleta juu udongo usiozaa. Watu walitoka jasho bure. Mwaka 1955 vurugu zikazuka Matombo, huko huko Uluguru, mpango huo ukafa.

Leo wapo wakulima wa milima hiyo hiyo wanaochimba ngazi kwa hiari, wakiweka samadi na kupanda nyasi kingoni, na mboga zinastawi. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni kuisikiliza ardhi kwanza.

Na kuishi kwa kiasi, fundisho jingine la Laozi, kusihubiriwe kwa mkulima peke yake. Mto Ruvu unapata maji yake Uluguru na ndio unaoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Anayefungulia bomba bila kujali na kununua mkaa gunia kwa gunia naye anaukata msitu, hata kama hajawahi kushika shoka. Kumtaka mkulima wa Kinole, kule Uluguru, aishi kwa kiasi huku mlaji wa mjini hana kiasi ni uonevu tu.