Mitambo ipimwe kabla ya utepe kukatwa

Kila mwaka majengo mapya huzinduliwa hapa Rwanda: shule, vituo vya afya, masoko na ofisi. Utepe hukatwa na hotuba hutolewa. Lakini ni nadra kuulizwa iwapo jenereta, pampu, lifti na king'ora cha moto vimepimwa vikifanya kazi pamoja.

Kuwasha kila mtambo peke yake hakutoshi. Umeme wa gridi ukatwe makusudi, ionekane kama jenereta inawaka yenyewe na kubeba mzigo wote. King'ora kilizwe, ionekane kama lifti inashuka na kufungua milango. Waya wa ardhini upimwe kwa kifaa, si kwa macho.

Kazi hii ina gharama, ndiyo maana ni rahisi kuiondoa bajeti inapobana. Hata hivyo si gharama ya kutisha. Utafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kuwa kwa majengo mapya gharama ya kati ilikuwa asilimia 0.4 ya gharama ya ujenzi, huku nishati ikiokolewa kwa asilimia 13. Kwa kiwango hicho, jengo la faranga bilioni 1 lingehitaji faranga milioni 4. Hata kama kwetu ingekuwa mara tatu yake, bado ni sehemu ndogo.

Hasara ya kupuuza umeme tunaijua. Mwaka 2014 moto uliteketeza maduka jijini Kigali na kuunguza magereza ya Muhanga na Rubavu. Hitilafu za umeme zilitajwa mara kwa mara katika mioto ya mwaka huo.

Mwanafunzi hapewi cheti kabla ya mtihani. Kwa nini mkandarasi apewe? Sisi tuliosomea uhamishoni kwa mwanga wa koroboi hatungependa kuona mama akijifungulia gizani huku jenereta mpya iko nyuma ya ukuta.

Tunatoa wito kwa serikali na wamiliki wa majengo: kila zabuni iwe na fungu la upimaji, mpimaji asiajiriwe na mkandarasi, malipo ya mwisho yasubiri matokeo, na mafundi watakaobaki na jengo wafundishwe kabla ya makabidhiano. Anayelipia jengo ni mwananchi, naye ana haki ya kukabidhiwa jengo linalofanya kazi.