Sheria za Mkono na za Ulimi

Barabara itokayo Bukavu kwenda Walikale yapita Hombo, na kila msafiri huja na desturi za kwao. Wawili wakiketi kucheza, huenda mmoja amezoea igisoro ya Wanyarwanda, na mwingine bao la pwani. Mbao zafanana: mashimo 32, kete 64. Lakini katika igisoro kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na 22 mkononi, azitie mojamoja. Asiyeuliza kwanza atamwita mwenzake mwizi bure.

Hayo hupatanishwa upesi. Sheria za ulimi twaziona ngumu zaidi. Kejeli ni chumvi ya bao, wala hatutaki watu wacheze kimya kama wanaovizia panya. Bali mwaka 1993 mauaji yalianza wilayani Walikale, sokoni Ntoto, vita vikaenea Masisi, na jamaa nyingi za huku zilizika watu wao. Basi mchezaji akisema, "Nitanie mimi, ila kabila langu na marehemu wangu waache," amekwisha kuweka mpaka. Asiulizwe sababu, wala asiambiwe kwamba ni mwepesi wa hasira. Watazamaji nao wafungwa na neno hilo, maana mara nyingi wao ndio wachochezi. Mtu akiteleza, kete zitulie, aombe radhi, kisha zamu iendelee palepale ilipokatika.