Filitre za Motoka na Deni la Kitivo Chetu

Mwaka jana, kiangazi kilipokuwa kinaisha, baba yangu mdogo aliniita nimsomee karatasi. Yeye ni dereva wa taksi hapa Kolwezi, na Corolla yake ndiyo inayolipa sehemu kubwa ya masomo yangu. Motoka ilikuwa imepungua nguvu, tena ilikuwa imeanza kula mafuta ya moteri. Hakuelewa sababu, maana kila alipofanya vidanji alilipa pia kwa ajili ya filitre ya hewa. Karatasi za garaje alikuwa amezihifadhi zote katika mfuko wa plastiki, akanimwagia mezani.

Nilizisoma moja moja. Tatu kati yake ziliandikwa maneno yaleyale ya Kifaransa: nettoyage filtre à air. Yaani kusafisha filitre ya hewa. Hakuna hata moja iliyoandikwa remplacement, kubadilisha.

Tulifungua boneti, tukafungua vibanio vya kasha la hewa, tukaitoa filitre. Ilikuwa nyekundu kama barabara ya Kapata. Tulipoiinua mbele ya jua, mwanga ulipenya mahali pawili ambapo karatasi ilikuwa imechanika. Ilikuwa imepulizwa kwa kompresa mara nyingi kupita uwezo wake.

Sisemi kwamba garaje ile ilimwibia. Iliandika ilichokifanya, nayo ilifanya ilichokiandika. Baba mdogo alilitambua neno filtre, kwa sababu hata sisi tunasema filitre. Neno lililotangulia hakulitambua. Nomino aliijua, kitendo hakukijua, na kwa kitendo hicho kimoja alilipa mara tatu huku vumbi likiingia ndani ya moteri yake.

Tangu siku ile nina maoni ambayo napenda kuyaweka mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu. Matengenezo ya motoka katika mji huu ni ghali kwa sababu nyingi, lakini moja kati ya hizo ni ya lugha. Filitre ni kazi ambayo mwenye motoka anaweza kuifanya mwenyewe, nyuma ya nyumba yake, bila shule ya ufundi. Kinachomzuia mara nyingi ni maneno kuliko ufunguo wa kufungulia. Nasi, tunaojiita watu wa lugha, maneno hayo hatujampa.

Nianze na vumbi, maana asiyekaa Kolwezi anaweza kudhani nazungumzia jambo dogo. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hainyeshi. Malori ya shaba na kobalti hupita mchana na usiku kuelekea Kasumbalesa, na mitaa mingi ya Manika na Dilala haina lami. Vumbi hilo limejaa chembe ngumu za mchanga. Filitre ya hewa ni karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi ili izuie chembe hizo. Ikiziba, moteri hukosa pumzi. Ikichanika, chembe hupita hadi kwenye silinda, zikakwaruza chuma taratibu, na mafuta ya moteri huanza kuungua pamoja na esansi. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji wenyewe husema kwamba motoka inayotembea katika vumbi ikaguliwe filitre mapema kuliko nyingine. Lakini kitabu cha Corolla ya baba mdogo kimeandikwa Kijapani, kwa sababu motoka ilitoka Japani ikiwa imekwisha tumika. Kitabu ni cha Kijapani, karatasi ya garaje ni ya Kifaransa, na dereva ni Mswahili wa Katanga.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Filitre ya hewa hutolewa kwa mkono: unafungua vibanio, unatoa ya zamani, unafuta kasha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, unaweka mpya huku ukiangalia kwamba mpira wake umekaa vizuri pande zote. Ile ya karatasi haioshwi kwa esansi, ingawa nimeona wengi wakifanya hivyo. Filitre ya mafuta ya moteri inachafua mikono zaidi. Unawasha moteri kidogo ili mafuta yapate joto, unaizima, unayamwaga kwenye beseni, unafungua kopo la filitre. Hapo pana mtego mmoja: pete ya mpira ya filitre ya zamani huweza kubaki imeng'ang'ania kwenye moteri. Ukifunga mpya juu yake, mafuta yatavuja yote. Kwa hiyo unatazama kwanza. Kisha unaipaka pete mpya mafuta kidogo, unafunga kwa mkono hadi iguse, unaongeza robo tatu ya mzunguko, unatia mafuta mapya na kupima. Mafuta machafu yanaingia kwenye bidoni, hayamwagwi uani. Visima vyetu viko karibu.

Garaje ilikuwa ikimtoza baba mdogo dola 80. Tuliponunua wenyewe mafuta na filitre mbili, tulitumia dola 47 na saa moja ya Jumapili. Hiyo ni hesabu ya motoka moja tu, lakini dola 33 katika nyumba yetu ni jambo la kuzungumzwa.

Hata hivyo, Jumapili hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilishindikana, na aliyeiharibu ni mimi, mwanafunzi wa isimu. Nilikwenda kwa muuzaji wa vipuri, nikataka kusema Kiswahili bora tunachofundishwa, nikaomba "chujio la mafuta". Kijana akacheka: "Unapenda kuchuja mafuta ya kukarangia?" Nikajirekebisha haraka, nikasema filitre ya mafuta. Akanipa kopo la chuma lililopakwa rangi, nikalipa, nikaondoka. Nyumbani tulipojaribu kulifunga, halikukubali kuingia. Lilikuwa filitre ya mazutu, ya lori dogo. Niliporudi, alikataa kulipokea kwa sababu kasha lake lilikuwa limekwisha chanwa. Akaniuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzoni: "Mafuta gani? Ya kuungua ao ya kulainisha?"

Hakunidanganya. Neno mafuta katika Kiswahili ni pana: mafuta ya mawese, mafuta ya kujipaka, mafuta ya taa, mafuta ya moteri, mafuta ya kuendeshea. Katika sentensi nyingi upana huo haumdhuru mtu. Katika duka la vipuri unadhuru, kwa sababu makopo mawili yanayofanana kwa sura hufanya kazi mbili tofauti. Darasani tumejifunza kuita jambo hili utata wa kileksika, na tumepewa mifano ya "kaa" na "paa". Hakuna mfano ulionigharimu pesa isipokuwa huu.

Mafundi wetu wamekwisha upatia dawa utata huo, bila kutusubiri. Wanasema filitre ya mazutu, filitre ya esansi, filitre ya moteri. Mafuta wanayaacha jikoni. Wanapozungumzia nyingi, husema bafilitre, kwa kiambishi kilekile cha ba- ambacho Kiswahili cha mjini hukibandika juu ya maneno ya kigeni. Mwalimu wa sarufi sanifu anaweza kukunja uso. Lakini mfumo upo, ni wa kawaida, na unatenganisha vitu vinavyohitaji kutenganishwa. Kwa sababu hiyo, katika makala hii nimeandika filitre, wala si chujio.

Kuna na lugha nyingine kwenye kasha, ambayo mwanafunzi wa mofolojia angeifurahia. Toyota huandika namba ya kipuri katika sehemu mbili zenye alama tano tano. Sehemu ya kwanza hutaja aina ya kitu, ya pili hutaja ni cha moteri au motoka ipi. Filitre ya hewa huanza na 17801. Kwenye filitre ya moteri utakuta 90915. Ile ya mazutu inayobadilishwa ndani ya kasha lake huanza na 23390, na ile ya hewa wanayovuta abiria huanza na 87139. Ni kama shina na viambishi: 17801 haibadiliki, kinachofuata ndicho kinachoipatanisha na motoka yako. Ningalijua hilo, ningalitazama kopo nililopewa, nikaona kwamba mwanzo wa namba si wa filitre ya moteri, nikalirudisha kabla ya kulipa. Namba peke yake haitoshi, maana anayeghushi kipuri huweza kuchapa namba yoyote. Hivyo nenda na filitre ya zamani mkononi, ulinganishe upana, uzi wa kufungia na mpira. Lakini dereva aliyeshika namba hizo nne katika karatasi si rahisi kupewa cha mazutu badala ya cha moteri.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema: unawanyang'anya mafundi mkate. Fundi mwema haishi kwa filitre. Baba mdogo bado anapeleka motoka kwake kwa ajili ya breki, na mimi sitamshauri mtu aguse breki kwa kusoma makala ya mwanafunzi. Tena vijana wanaojifunza ufundi garajeni nao wanateseka kwa maneno yaleyale. Wengi hujifunza kwa kutazama mkono wa mkubwa, na siku mkubwa hayupo hukisia.

Wa pili atasema: ajifunze Kifaransa. Baba mdogo ana Kifaransa cha kumtosha kujibu polisi wa barabarani na kubishana bei na mgeni wa mgodini. Hakukosa lugha, alikosa neno moja la kazi. Na Katiba yetu ya 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, na inaidai serikali izikuze bila ubaguzi. Sijui kukuza lugha maana yake nini kama mwenye lugha hiyo hawezi kusoma ndani yake alicholipia.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi, kwa sababu ni sauti ya baadhi ya walimu wetu: kitivo cha lugha si garaje. Naomba tukumbuke Kiswahili cha Katanga kilivyokua. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, ikakusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi na nchi ambayo leo ni Zambia, na katika kambi zake Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, alichunguza vitabu vya msamiati na miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Wabelgiji. Ndani yake lugha ilihitajika zaidi kwa kuamuru: leta, beba, fanya. Basi, kuandika orodha za maneno ya kazi si jambo jipya katika nchi hii. Liliwahi kufanywa kwa juhudi, ila lilifanywa kwa faida ya mwenye kuamuru. Kama wao waliona kazi hiyo inastahili, kwa nini sisi tuione kuwa ya chini, leo ambapo ingemfaa mwenye motoka, fundi na mwanafunzi wake?

Ninachopendekeza si kikubwa. Kila mwaka tunaandika kazi za mwisho wa masomo, na nyingi huishia kwenye rafu. Kitivo kiruhusu, hata kihimize, kazi chache ziwe za msamiati wa ufundi uliokusanywa mahali unaposemwa: garajeni, kwa mshona viatu, kwa fundi wa umeme. Kila kazi itoe, pamoja na sura zake za nadharia, ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani. Ukurasa wa filitre ungekuwa na safu tatu: neno la fundi wa Kolwezi, neno la Kifaransa linaloandikwa kwenye karatasi ya malipo, na mwanzo wa namba. Chini yake vitenzi vinne tu: kukagua, kupuliza, kusafisha, kubadilisha, kila kimoja na Kifaransa chake. Vitenzi hivyo ndivyo vilivyomgharimu baba mdogo, kwa hiyo visikosekane.

Nimeanza na ukurasa huo mwenyewe. Rasimu ya kwanza niliipeleka kwa fundi mmoja mzee ambaye zamani alitengeneza malori ya mgodi. Aliisoma polepole akiwa ameshika kalamu yangu, akafuta maneno mawili niliyoyatoa kwenye kamusi, akaandika yake. Kisha akauliza kwa nini sikuweka mahali pa kuandika kilometa. Alikuwa na haki. Sasa safu ni nne.

Corolla inaendelea kutembea, ingawa mafuta bado inakula kidogo, kilichokwaruzwa hakirudi. Juu ya kasha la hewa baba mdogo ameandika kwa kalamu nyeusi tarehe, kilometa, na neno moja: imebadilishwa.