Ayari wa Meza ya Kijani

Sisi watu wa pwani tumezoea bao na dama, michezo ya barazani isiyodai ila akili. Kimilili, katika kaunti ya Bungoma, nilikuta mchezo mwingine: pulu, mipira 15 ya rangi na mmoja mweupe, ikisukumwa kwa fimbo hadi vishimoni.

Kijana mmoja alikuwa akishindwa kila mara, akicheka na kulipa. Mkulima aliyetoka kuuza mahindi akajiona fundi. Dau likapandishwa. Hapo kijana akaanza kushinda, tena kwa mpira mmoja tu, ili mwenzake adhani ni bahati na arudie. Jioni mkulima aliondoka mikono mitupu.

Hila hii si ya Kimilili peke yake. Huko Marekani, Rudolf Wanderone, aliyejiita Minnesota Fats, alijitapa miaka mingi kwa michezo ya dau. Mwaka 1978 alipokutana na bingwa Willie Mosconi mbele ya televisheni, alishindwa. Silaha ya ayari ni kuficha ustadi. Mchezo ukiwa wa wazi, silaha hiyo butu.

Wako wasemao, kijana hana kazi, afanyeje? Msomaji, mimi sina ugomvi na fimbo wala mipira. Kipaji kile kingefaa mashindano ya kugombea kikombe. Ugomvi wangu ni dau, kwani hiyo ni kamari, iliyokatazwa katika Sura ya Al-Maida. Na fedha za mahindi hazikuwa za mkulima peke yake. Mchuma janga hula na wa kwao.