Mawingu ya Sisley hayana huzuni

Ndugu mwandishi, makala ni nzuri, ila hapo uliposema mawingu kwenye mchoro wa mchoraji Sisley wa mafuriko ya Port-Marly (1876) yanaleta huzuni, sikubaliani nawe. Niliwahi kusimama mbele yake pale Musée d'Orsay, Paris, nikausogelea mno hadi mlinzi akanikoholea. Ukiwa karibu huoni mawingu, unaona vipande tu vya rangi: buluu, nyeupe, kijivu. Rudi nyuma hatua tano, mbingu na maji vinashikana, na lile duka la mvinyo linasimama pale kama halina habari na mafuriko. Huzuni iko wapi? Hakuna anayelia wala anayezama, watu wako kwenye mashua wanaendelea na shughuli zao. Sisley aliyachora mafuriko hayo ya mto Seine zaidi ya mara moja, kwa sababu alichokuwa akiwinda ni mwanga. Siku ya mawingu mwanga hutulia, vivuli vikali hupotea. Yeyote aliyewahi kupiga picha nje analijua hilo. Na wewe ndugu kwenye maoni hapo juu unayedai hata mwanao angechora hivi, mpe brashi, mwambie achore maji yanayoakisi mawingu, kisha utuletee majibu. Kama ni huzuni, tusisahau maisha yake: Sisley alizaliwa Paris, akaishi Ufaransa karibu maisha yake yote, lakini alikufa mwaka 1899 akiwa bado raia wa Uingereza, tena maskini. Bei kubwa za michoro yake zilikuja yeye yuko kaburini.