Anayefika kwanza kwenye ajali: mikono yake inakingwa na nani?

Jumamosi ya tarehe 24 Februari 2024, jioni, lori liligonga magari mengine matatu pale Kibaoni, Ngaramtoni, katika barabara kuu ya Arusha kwenda Namanga. Watu 25 walipoteza maisha na wengine 21 walijeruhiwa. Sisi tunaoishi kuzunguka Mlima Meru hatujaisahau siku ile.

Ajali kama hiyo inapotokea, gari la wagonjwa si la kwanza kufika. Anayetangulia ni kijana wa bodaboda aliyekuwa kijiweni, mama anayeuza ndizi kando ya lami, mkulima aliyeacha jembe shambani. Hao ndio wanaovunja kioo, wanaovuta majeruhi na kubana jeraha kwa khanga. Siku zinazofuata tunahesabu waliofariki, tunazungumzia breki na mwendokasi. Swali moja halifiki hata studio kwetu: wale walioshika damu kwa mikono mitupu walinawa wapi? Walikwenda kupima? Kuna aliyewauliza?

Katika makala haya tunaeleza hatari yenyewe ni ipi, nini kifanyike kwa vitu vilivyopo kijijini, na nani anapaswa kuvitoa. Hatuandiki ili kumtisha mtu aache kusaidia. Tunaandika ili anayesaidia leo aweze kusaidia na kesho.

Ni nani hasa tunayemzungumzia

Mtu wa kujitolea si yule wa Msalaba Mwekundu mwenye fulana tu. Yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Yupo dereva wa jamii katika mpango wa m-mama, ambaye simu ikipigwa 115 usiku anatoka na gari lake kumchukua mjamzito na kumfikisha hospitali. Njiani mtoto anaweza kuzaliwa kwenye kiti cha nyuma. Wapo pia majirani wanaoosha maiti na kuivisha kabla ya mazishi. Hawa wote wanakutana na damu na majimaji ya mwilini, na wengi wao hawajawahi kupewa hata jozi moja ya glovu.

Hatari iko wapi

Tukitaja damu, wengi wanafikiria VVU. Ni sawa kufikiria hivyo, lakini si VVU peke yake, na wala si vya kwanza kwa kuambukiza haraka. Wataalamu wamepima hatari ya mtu kuchomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa. Kwa VVU, ni watu wapatao 3 kati ya 1,000 wanaoambukizwa. Kwa homa ya ini aina ya C ni kama 2 kati ya 100. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa asiyechanjwa, wanaweza kufika 30 kati ya 100. Tena kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili hadi siku saba. Damu iliyokauka kwenye kiti cha gari bado ni ya kuogopwa.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi sana. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto nchini mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo, kama hakuitafuta mwenyewe ukubwani, hana kinga hiyo. Sasa angalieni umri wa madereva na wahudumu wengi wa kijijini kwenu. Watu tunaowategemea usiku wa manane wengi ni wa kundi hilo. Chanjo ya mtu mzima ni dozi tatu. Ulizieni hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Habari njema ni kwamba ngozi nzima ni ngao. Damu ikigusa mkono usio na jeraha, ukanawa vizuri, hatari ni ndogo mno. Tatizo ni kwamba mikono ya mkulima na ya fundi haikosi mkwaruzo, na kwenye ajali kuna vioo kila mahali.

Somo kutoka Kagera

Kuna magonjwa ambayo hayasubiri jeraha kubwa. Mwezi Machi 2023 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, Bukoba Vijijini. Hadi unatangazwa kwisha, tarehe 2 Juni 2023, ulikuwa umepata watu 9 na kuua 6, miongoni mwao mhudumu wa afya. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo. Wagonjwa walikuwa 10, wawili waliothibitishwa maabara na wanane waliohesabiwa kuwa na dalili na uhusiano na ugonjwa. Wote 10 walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025.

Kagera ni mbali na Arusha, mtu anaweza kusema. Lakini Arusha ni mji wa wageni, una mabasi ya mikoa yote na mpaka wa Namanga uko jirani. Zaidi ya hapo, Marburg huanza kwa homa, kuumwa kichwa na uchovu, kama malaria tunayoijua. Anayemshika mgonjwa siku za mwanzo hajui anashika nini. Dalili huchukua siku 2 hadi 21 kutokea baada ya mtu kuambukizwa.

Mwili wa aliyefariki kwa Marburg au Ebola unaendelea kuambukiza. Kwetu tunazika nyumbani, kando ya migomba, na kumgusa marehemu ni kumuaga. Afrika Magharibi, katika Ebola ya 2014 hadi 2016, timu za kwanza za mazishi zilipokuja na mavazi ya kutisha na kuondoka na miili bila maelezo, watu walificha wagonjwa na kuzika usiku. Mambo yalianza kubadilika timu zilipowaachia ndugu nafasi ya kuona, kuomba na kuchagua kaburi, huku kazi ya kugusa ikibaki kwa waliovaa vifaa kinga. Kinga bila heshima watu huikimbia. Heshima bila kinga nayo huua waombolezaji.

Kwa nini hatujikingi

Sababu ya kwanza ni aibu. Kuvaa glovu mbele ya jirani anayelia kunaonekana kama kumnyanyapaa. Tuligeuze wazo hilo: glovu zinamlinda na yeye. Ukimbana jeraha majeruhi wa kwanza, ukaenda kwa wa pili kwa mikono ileile, umembebea damu ya mwenzake. Ndiyo maana glovu hubadilishwa kila unapohamia kwa mtu mwingine.

Sababu ya pili ni haraka. Mtu anavuja damu, nani atafute glovu? Jibu ni kwamba glovu zisitafutwe, ziwe tayari mfukoni au chini ya kiti cha pikipiki. Jozi moja ni bei ndogo kuliko lita ya petroli.

Sababu ya tatu ni vitu kutopatikana. Zamani mtu aliingiza mkono kwenye mfuko wa rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, na mazingira yetu yamenufaika. Lakini mfuko wa mkate au kifungashio cha sukari, kikiwa kisafi na hakijatoboka, bado kinaweza kukaa kati ya mkono wako na damu.

Mambo ya kushika

1. Vaa glovu kabla ya kugusa. Ukikosa, tumia kifungashio cha plastiki au kitambaa kinene kilichokunjwa mara kadhaa. Majeruhi mwenye fahamu anaweza kubana jeraha lake mwenyewe wewe ukimwelekeza.

2. Usishike vioo wala sindano kwa mkono. Tumia koleo au kipande cha bati.

3. Kama hapumui na huna kizuizi cha mdomo, mkandamize kifua katikati, kwa nguvu na kwa kasi, mpaka msaada ufike. Si lazima umpulizie mdomoni.

4. Kuvua glovu, bana ya kwanza kwa nje karibu na kiwiko cha mkono, ivue ikijigeuza ndani nje. Ya pili ivue kwa kuingiza kidole kwa ndani. Kisha nawa kwa sabuni na maji tiririka. Glovu hazichukui nafasi ya kunawa.

5. Damu iliyomwagika ifute kwanza, kisha mwagia dawa ya klorini. Ile Jik ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, pima kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, acha dakika 10 ndipo ufute tena. Mchanganyiko huo si wa kunawia mikono, na usichanganywe na dawa nyingine.

Saa 72

Ukichomwa, ukikatwa, au damu ikakurukia jichoni au mdomoni, usinyamaze. Jeraha lioshe kwa sabuni na maji, usilikamue. Jicho lisafishe kwa maji mengi. Halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU baada ya kuguswa na damu zipo, hunywewa siku 28, na lazima zianze ndani ya saa 72. Mapema zaidi ni bora zaidi. Saa hizo zinahesabika tangu ulipoguswa na damu, hazikusubiri umalize mazishi wala upate ujasiri wa kumwambia mwenzi wako. Kwenda kuomba dawa hizo si kukiri kosa. Umeumia ukiwa kazini, na kazi yenyewe ilikuwa kuokoa mtu.

Nani atoe

Mzigo huu usiachwe mfukoni mwa kijana wa bodaboda. Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, inataka kuwe na kamati za maafa kuanzia juu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hiyo ndiyo mahali pa kuuliza: sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, lina glovu ngapi, nani ana ufunguo? Vilevile, Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Mafunzo ni mwanzo mzuri. Mhudumu aliyefunzwa akiwa na mikono mitupu, tumemwongezea ujuzi wa hatari bila kumpunguzia hatari yenyewe.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Tunapendekeza mambo matatu yaingie kwenye ajenda ya mkutano ujao: pakiti ya glovu na sabuni kwa kila kijiwe cha bodaboda kilicho kando ya barabara kuu, orodha ya watu wanaojitolea na waliokwisha kuchanjwa homa ya ini B, na mtu mmoja wa kumfuatilia kila aliyesaidia kwenye tukio, kesho yake asubuhi, amuulize kama aliguswa na damu. Hilo la mwisho halihitaji bajeti, linahitaji simu moja tu.

Kwa ushauri wa afya piga 199, ni bure. Zimamoto na uokoaji ni 114, polisi ni 112, na mjamzito anayehitaji usafiri wa dharura ni 115. Ziandikeni namba hizi kwenye simu zenu leo, kabla hazijahitajika.