Mchango wa jeneza upo, wa aliye hai uko wapi?

JUMUIYA zetu za ughaibuni zina sifa moja ambayo hakuna awezaye kuzinyang'anya: mtu akifa, fedha hupatikana. Simu hupigwa usiku kucha, kutoka London hadi Muscat na Toronto, na haupiti muda maiti huwa imeshalipiwa ndege, au kaburi limeshanunuliwa huku huku. Ni jambo jema na tunaomba lisife.

Leo tunapenda kumzungumzia mtu mwengine, ambaye hatumchangii kwa sababu hakufa. Ameugua, ametoka hospitali, yuko nyumbani, na sisi tumeshamsahau.

Wengi wa rika letu tuliingia Uingereza tukiwa na miaka ishirini na kitu, baadhi yetu kufuatia machafuko ya Januari 2001 kule Zanzibar. Leo tumo katika arobaini. Miaka yote hiyo tumefanya kazi za usiku kwenye maghala na nyumba za wazee, tumekula tukiwa tumesimama, tumelala saa nne kwa siku, na kila mwisho wa mwezi tumepeleka fedha nyumbani. Sasa mwili unadai deni lake: shinikizo la damu, kisukari, kiharusi. Na katika umri huo huo, wazazi tuliowaacha nyumbani wanaondoka mmoja mmoja.

Hatuyasemi haya kwa kusikia. Mwenzetu mmoja wa dawati hili alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 47. Upande wa kushoto ulilegea wote. Alikuwa bado wodini alipopigiwa simu kwamba mama yake amefariki Unguja. Hata angekuwa mzima asingeweza kwenda kuzika, kwani hati ya kusafiria anayopewa mkimbizi haimruhusu kurudi katika nchi aliyoikimbia. Khitma ya mama yake aliisikiliza kwa simu, akiwa kitandani.

Wiki ya kwanza wageni walijaa mpaka wauguzi wakaomba wapunguzwe. Ililetwa supu, ikaletwa mikate ya kumimina, yakaletwa maji ya zamzam. Mwezi wa pili walikuja wawili watatu. Mwezi wa nne hakuja mtu. Watu hawakuwa na ubaya naye. Kwetu sisi mgonjwa akishatoka hospitali huhesabiwa amepona, na kila mtu alirudi kwenye shughuli zake.

Hapo ndipo tunapokosea. Madaktari wanasema baada ya kiharusi sehemu kubwa ya nguvu hurudi katika wiki na miezi ya mwanzo, ingawa mtu anaweza kuendelea kupata nafuu kwa miaka. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia rudia jambo lile lile: kushika kikombe, kufunga kifungo, kupanda ngazi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani, wakati wageni wameshaondoka. Tena karibu mmoja kati ya kila watatu wanaopata kiharusi huingiwa na ugonjwa wa huzuni. Mwenzetu hakuweza kujua lipi ni la kiharusi na lipi ni la msiba wa mama. Aliacha hata kwenda msikitini siku ya Ijumaa, kwa kuona haya kuvishwa viatu mbele za watu.

Aliyemtoa ndani ni mzee mmoja wa Mombasa, jirani yake, ambaye si tajiri wala si daktari. Alibisha hodi Jumamosi moja asubuhi.

"Vaa koti, mwanangu, twende mpaka kituo cha basi."

"Kufika nitafika, mzee, lakini kurudi sitaweza."

"Kurudi tutapanda basi."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Baada ya wiki kadhaa wakafika kituo cha pili, kisha bustanini. Sisi wa dawati, tunakiri, tulichelewa. Mwezi wa saba ndipo tulipompelekea habari moja fupi aihariri. Ilimchukua siku mbili, akiandika kwa mkono mmoja, na ilirudi makosa yetu matatu yakiwa yamepigwa mstari. Tangu siku hiyo sauti yake kwenye simu ilibadilika. Leo anatembea kwa bakora na anahariri kila siku. Mkono wa kushoto haujarudi wote, na huenda usirudi. Lakini kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi.

Kwa hiyo sisi tunasema hivi. Kwanza, kila jumuiya yenye mfuko wa mazishi itenge fungu la walio hai: nauli ya kliniki, kodi ya mwezi mmoja, chakula cha watoto wakati baba au mama hana mshahara.

Pili, iwekwe zamu. Watu wanne wanatosha, kila mmoja wiki moja ya mwezi, kwa mwaka mzima. Kazi yao ni kumtoa nje kwa miguu na kuzungumza naye, hata habari za mpira.

Tatu, apewe kazi. Aweke daftari la michango, asomeshe watoto Kiswahili Jumapili, atafsiri barua za wazee. Kumwambia mtu wa miaka 47 kila siku kwamba "wewe pumzika tu" ni kumzika kabla ya siku yake.

Na kwa wenyewe wagonjwa: haki mnazo, msiziache. Hapa Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 humtaka mwajiri afanye marekebisho yanayowezekana kwa mfanyakazi mwenye ulemavu, kwa mfano kubadilisha saa za kazi. Wengi wetu huacha kazi kimya kimya bila hata kuuliza.

Tulio wazima nasi tusijisahau. Katika England, watu wa miaka 40 hadi 74 wasio na maradhi ya moyo, kisukari au kiharusi huitwa kupimwa bure kila baada ya miaka 5. Barua hizo tunazitupa pamoja na matangazo ya pizza. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kutia misuli nguvu mara mbili. Kwenda haraka kwa miguu kunatosha kuanzia. Na ukimwona mtu uso umepinda, mkono hauinuki au maneno yanamkoroga, usisubiri asubuhi. Piga 999 hapo hapo.

Kwa ndugu zetu wa nyumbani tuna ombi moja. Mnapopokea simu kutoka huku, ulizeni kwanza hali ya anayepiga, na msiridhike na "mzima tu, alhamdulillahi". Nasi wa huku tujifunze kusema kweli. Wako waliougua mwaka mzima na mama zao hawakujua, kwa sababu fedha za mwisho wa mwezi hazikukatika.

Daftari la kuchangia jeneza tunalo, na tunaliweka vizuri. Tufungue na la kumchangia aliye hai, na tuanze Jumamosi hii.